Mtungi wa Malkia Zuhuri

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani gani, maana wengine mnauliza ili mpate pa kunikamata, palikuwa na mji ambao watu wake walipenda nchi isiyokuwepo kuliko mji wao wenyewe. Nchi hiyo ikiitwa Mazumbali. Ilikuwa kichwani mwa Bi Kazija, mtambaji wa hadithi, na kila siku baada ya alasiri alikaa barazani kwake akaitoa kidogo kidogo. Huko Mazumbali kila mtu alihifadhi kivuli chake ndani ya mtungi, na mtungi ukivunjika, mwenyewe hafiki mbali. Malkia Zuhuri alitembea na mtungi wake kiunoni, akitafuta mlango wa kurudi kwao.

Watu walishikwa. Wanawake walisuka mikeka yenye njia za Mazumbali. Wasichana walijichora milima yake kwa hina. Ukipita kisimani unasikia, "Shoga, kivuli chako ungekificha wapi?" Na mwenzake anajibu, "Si kwako, ungekiazima usirudishe." Mimi mwenyewe nilikuwa na kofia ya Mazumbali. Msinicheke.

Basi Bi Kazija akapatwa na maradhi ya koo. Sauti ikapungua, leo kidogo, kesho kidogo, na hadithi haijafika mwisho. Akawaita watu akasema:

"Sauti iliyobaki ni ya sikio moja. Nitamnong'oneza mtu mmoja mwisho wa Malkia, naye ndiye atakayewasimulia, na baraza hii itakuwa yake. Nitengenezeeni mtungi wa Malkia, kila mtu kwa kazi ya mkono wake. Atakayeufanya kama ulivyo kichwani mwangu, ndiye."

"Ukoje, bibi?" wakamwuliza.

"Nikiwaambia, nitakuwa nawajaribu nini?"

Siku ya Ijumaa wakaja. Bi Kazija akaitazama mitungi mmoja mmoja, mizuri yote, akatikisa kichwa. Ikabaki mitatu, imefunikwa vitambaa. Mmoja wa Bi Mize, msusi wa mikeka. Mmoja wa Makame, mshona kofia. Mmoja wa Shaame, mfua bati. Vitambaa vikaondolewa.

Wa Bi Mize ulikuwa wa ukili, na ubavu wa kushoto una ufa, umefungwa vifundo saba. Wa Makame ulikuwa wa nguo, ubavu wa kushoto una ufa, umeshonwa mishono saba. Wa Shaame ulikuwa wa bati, ubavu wa kushoto una ufa, umekazwa nyaya saba. Yaani mtu mzima alikata bati zima kwa makusudi ili apate pa kuliunga.

Bi Kazija akajishika koo. "Ndio wenyewe," akasema. "Na mimi sijamwambia mtu."

Hapo kila mmoja akamtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Hata wale waliokataliwa mitungi yao wakakumbuka kwamba walikuwa na mashaka tangu jana.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Bi Mize, maana ndiye aliyempelekea mgonjwa uji kila asubuhi.

"Nisamehe, bibi," akasema. "Homa ilipokupanda uliweweseka. Ulitaja ufa, ukataja kushoto, ukahesabu mpaka saba. Mimi nilikuwa nakukanda kipaji cha uso kwa kitambaa cha maji. Masikio hayana mlango."

"Na mwisho je?" Makame akauliza. "Nao umeusikia?"

"Ulipoanza, niliziba masikio kwa vidole, nikaimba nisisikie. Miezi minane naungoja mwisho ule. Nije niuchukue kwa mtu asiyejijua?"

Mimi nauliza tu: aliyeziba masikio alijuaje pa kuyaziba? Lakini majirani walikiri kwamba asubuhi moja walimsikia akiimba chumbani kwa mgonjwa, wakamteta kuwa hana haya.

Makame naye akavua kofia yake, kofia ya viua, akawaonyesha. Kila jioni ya hadithi aliitia ua moja.

"Hesabuni nami," akasema. "Jioni ya tisa Malkia alianguka kwenye mawe, akaangukia kushoto. Mtungi ulipatwa na nini? Hatukuambiwa. Baada ya hapo alipita malango saba, na kila lango akitoka, leso yake imepungua uzi mmoja. Uzi ulikwenda wapi? Hatukuambiwa. Mimi nilikaa nikafikiri. Uzi wa mtu mwenye mtungi uliopasuka utakwenda wapi?"

Wote waliyasikia hayo, na hakuna aliyeyaunganisha.

"Kofia mtu anaweza kuishona jana," akasema Bi Mize. "Dirisha langu na lako yanatazamana, na ukili wangu niliuanika pale siku tatu."

"Niliuona, sikatai. Lakini wangu ulikuwa umeshakwisha."

"Shahidi wako nani?"

"Sindano yangu."

Shahidi huyo, kwa kweli, mimi sikumwamini. Na kuna jambo jingine. Kwenye ukingo wa kofia palikuwa na maua ya jioni ambazo bado hazijafika. Makame alikuwa ameshajishonea mwisho anaoutaka yeye.

Akabaki Shaame. Huyu hakukaa barazani hata jioni moja. Alikuwa akisema hadithi haizibi paa linalovuja.

"Bi Kazija," akasema, "miaka kumi na miwili iliyopita mtungi wako wa maji ulipasuka, nawe ukalia, kwa kuwa ulikuwa wa marehemu mama yako. Niliutoboa, nikauunga kwa nyaya saba, ubavu wa kushoto. Niliposikia watu wanafanya mtungi wa Malkia, nikasema mimi naujua mtungi mmoja tu uliopendwa kiasi hicho."

Mtu akaingia jikoni mbio, akatoka nao. Nyaya saba, kushoto, zimeshika kutu. Bi Kazija akaupakata akalia. Alidhani kautunga, kumbe alikuwa akichotea maji kila siku.

"Malkia anaitwa nani?" Makame akamwuliza Shaame.

"Sijui."

"Basi mwisho wake utausimuliaje?"

"Kama nitakavyopewa. Mimi sina cha kuongeza."

Na mbona alikuja, mtu asiyependa hadithi? Tulimwuliza. Alisema hakupenda kuona mtungi ule ukifanywa vibaya. Jibu hilo wengine walilikubali, wengine mpaka leo wanalitafuna.

Bi Kazija akatuita kwa mkono, tukasogea. Akasema kwa shida, "Huyu alinisikia nikiumwa. Huyu alinisikia nikiwa mzima. Huyu hakunisikiliza kamwe, na mtungi ni wake. Mimi siwezi tena kumwamini mtu. Nichagulieni nyinyi, upesi."

Tukaanza kubishana. Tulibishana kama mnavyotaka kubishana nyinyi sasa hivi, maana nawaona mlivyokwisha gawanyika, na wewe pale nyuma una jamaa yako msusi, usijifanye huna. Na sisi tukibishana, pumzi ya Bi Kazija inapungua, na Malkia Zuhuri bado yuko njiani na mtungi wake wenye ufa, hajui kama atafika kwao.

Haya. Bi kizee kafungua mdomo, anangoja sikio moja. Je, nani aliyestahili kuinama?