Mgeni wa Mstari wa Manjano

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama mmebanwa na kikohozi? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, na msiniulize nilizaliwa lini, mambo haya niliyaona kwa macho yangu mawili. Nilikaa palepale, juu ya gogo, miguu majini.

Kiangazi kilikausha mito yote, likabaki bwawa moja. Humo walikaa vyura. Mlinzi wao alikuwa Bi Kidawa, chura asiyeamini kitu. Hata kivuli chake alikikagua. Na wanawe viluwiluwi walikuwa mumo humo majini, hata miguu hawajaota.

Nyoka wenye mistari walikuja kunywa. Desturi ilikuwa hii: nyoka alale juu ya jiwe bapa, atulie tuli, asomwe rangi. Mwenye mstari wa manjano hula minyoo. Apite! Mwenye wekundu ubavuni hula vyura. Arudi alikotoka!

Basi akaja mmoja. Swaa, swaa, swaa. Akalala juu ya jiwe. Mgongo mweusi, mstari wa manjano umenyooka kama uzi wa fundi.

"Wa manjano! Apite!" wakapiga kelele vyura. Kro! Kro!

"Ngojeni," akasema Bi Kidawa.

Akazunguka huku. Akazunguka kule. Wekundu hakuuona. Lakini kitu kilimkera moyoni: mgeni huyu alihema kidogo mno, kama mtu aliyeficha kitu ndani ya nguo.

"Bi Kidawa, utamkagua mpaka azeeke?" akacheka Chekenene, chura mnene kuliko wote.

"Mama, nina kiu," akasema nyoka, sauti kama asali.

"Kiu ya maji, au ya wanangu?"

"Mimi? Minyoo tu ndiyo chakula changu."

"Kwa mwili huo? Wewe si nyoka, baba. Wewe utambi wa taa! Mnyoo akikuona atakuita mdogo wangu."

Vyura wakaangua kicheko. Kro-kro-kro!

"Nyamaza, mama."

"Kamba ya viatu!"

"Nyamaza, nimesema!"

"Mkia mtupu, kichwa kimesahauliwa!"

Nyoka akafura. Fuuuu! Magamba yakaachana, na kati ya gamba na gamba ukachomoza wekundu. Mwekundu kama pilipili!

"Mimi niliyemmeza babu yenu, ndiye utambi?"

"Mwekunduuu!" akalia Bi Kidawa.

Korongo akatoka kwenye matete, miguu mirefu, domo kama mkuki. Chwa! Nyoka akatimua mbio, vumbi nyuma. Viluwiluwi wakaendelea kucheza, hawana habari.

Tangu siku hiyo mgeni hasomwi akiwa ametulia. Huudhiwa kwanza. Nanyi fanyeni vivyo: rangi ya mtu usiisome akiwa mpole tu, ngoja uione akikasirika.

Hadithi yangu nimeitua hapo, atakaye aibebe.

Ila yule korongo nimemtia mimi. Hakuwepo. Waliomsukuma nyoka hadi akaanguka kutoka jiweni ni vyura wenyewe, wote kwa pamoja, na Chekenene ndiye aliyesukuma zaidi.