Kilima Hulisifu Toroli

Kilima hulisifu toroli, mteremko hulijua. Maneno hayo aliyasema shangazi wa binti siku ya posa, mbele ya wazee wa pande zote mbili, msemaji wa upande wa mwanamume alipomaliza kueleza jinsi kijana wao alivyo hodari wa kutafuta. Wazee walicheka, wakaguna, mazungumzo yakageuka. Vijana waliokuwa wakipitisha chai hawakuona kilichochekesha. Wageni walipoondoka wakamfuata Bibi Nakazaeli, mkongwe wa nyumba ile, jikoni, wakamwuliza toroli limeingiaje kwenye posa ya watu.

Bibi Nakazaeli hapendi kuharakishwa. Alimaliza kwanza kuchambua choroko zilizokuwa kwenye ungo, akapuliza makapi, ndipo akasema kwamba methali nyingi ni za kale mno, hata aliyezitamka mara ya kwanza hajulikani kaburi lake, lakini hii wanaoijua asili yake bado wanakula ugali. Chanzo chake, alisema, ni hiki.

Nyumba ya wageni ya Mama Mbazi imejengwa ubavuni mwa mlima, huku huku Upareni. Bustani yake inaanzia chini getini, inapanda tuta juu ya tuta hadi kwenye miamba. Aliyeilima tangu ikiwa pori ni Mzee Senkondo. Mawaridi yaliyokizunguka kitalu cha miche aliyapanda yeye, ngazi za mawe alizipanga yeye, na mgeni akisifu ua lolote mbele yake alikuwa akiinama kidogo, kana kwamba amesifiwa mwanawe. Alisaidiwa na watu wawili. Mmoja ni Eliakunda, mama wa makamo mwenye mkono wa baraka, ambaye hata kijiti kikavu akikichomeka ardhini kinachipua. Mwingine ni Mrutu, kijana mwenye nguvu na kelele kwa kipimo kilekile.

Sasa, watu wa milimani wana mazoea yao. Pale bustanini kila mzigo mzito ulikuwa wa kupandisha: samadi inapanda, udongo mweusi unapanda, maji ya kiangazi yanapanda, vyote kichwani na mgongoni. Kushuka ilikuwa mapumziko, ndipo mtu anaposimulia habari na kupiga mluzi. Kwa hiyo kibarua mpya akija haulizwi anajua nini. Anatwishwa debe la samadi mbichi na kuambiwa alifikishe miambani bila kulitua. Akifika, ameajiriwa. Punda naye alijaribiwa hivyohivyo. Walikuwa na msemo wao, "Mteremko hauna shujaa," na waliuamini kama wanavyoamini kwamba jua litachomoza.

Mzee Senkondo alikuwa shujaa wa kilima hicho kwa miaka mingi, hadi nyonga yake ilipoanza kumsaliti. Mwanzoni alificha. Alikuwa akisimama katikati ya njia na kujifanya anakagua majani, kumbe anangoja maumivu yapite. Lakini bustani haina siri. Mama Mbazi, ambaye ni mwanamke mwema ila hazungushi maneno, alimwita barazani akamwambia kwamba ataagiza toroli la umeme limsaidie. Kama hata hilo halitafaa, basi mzee atahamia getini, akae kwenye kiti, awafungulie wageni.

Mama Mbazi aliona anampa heshima. Senkondo alisikia hukumu. Kukaa getini, kutazama mgongo wa mtu mwingine ukiinamia mawaridi yake! Hakulala vizuri tangu siku hiyo, na hakumwambia mtu.

Mfanyabiashara wa kule Same akaleta matoroli mawili kwa gari lake la kubebea mizigo. Akawaambia wayatumie kwa juma zima kisha wachague moja, Jumamosi atakuja kulichukua lililokataliwa. Moja lilikuwa jekundu, la gurudumu moja, jepesi, betri yake ndogo kama boksi la viatu. Ukisokota mpini kama wa pikipiki, linaruka. La pili lilikuwa la kijivu, na magurudumu mawili mapana mbele, betri nzito, mwendo wa bibi harusi.

Eliakunda aliuliza maswali ya mtu anayejua kazi. Chaji ikiisha katikati ya mlima, nani anasukuma? Litapita kati ya matuta bila kukanyaga miche? Gurudumu hili kwenye tope la masika litazama au halizami? Mfanyabiashara alijibu yote, kisha akagusa mpini wa lile la kijivu. "Hili faida yake ni kwamba ukiliachia tu, linajifunga breki lenyewe."

"Breki za nini kwa kitu kisichokimbia?" Mrutu akadakia, wote wakaangua kicheko, na mfanyabiashara naye akacheka. Mteja akicheka, biashara haijafa.

Basi wakayajaribu kama wanavyojaribu watu. Wakayajaza samadi, wakayapandisha. Jekundu likafika miambani huku Mrutu akikimbia nyuma yake, anapiga kelele za shangwe. La kijivu likaja likinguruma taratibu, hata Eliakunda aliyekuwa akiliongoza akapata nafasi ya kung'oa magugu njiani. Yakarudi chini matupu, kwa kuwa hakuna aliyeona sababu ya kushusha mzigo. Kabla ya jioni Mrutu alikuwa ameyapa majina. Jekundu likawa Kijana. La kijivu likawa Babu.

Mrutu hakuwa na nia mbaya, lakini jina hilo lilimchoma Senkondo. Kila Mrutu alipocheka, "Babu kachoka, Babu anapumzika," mzee alihisi nyonga yake mwenyewe ndiyo inayosimuliwa. Akalichukia lile toroli la kijivu kama mtu anavyomchukia anayemwonyesha kioo asubuhi ya ugonjwa. Alipolishika Kijana na kusokota mpini, kilima kilimpa njia. Alipanda na samadi bila kusimama, upepo usoni, akafika juu pamoja na Mrutu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akapiga mluzi. Jioni ile akaenda mwenyewe kwa Mama Mbazi akamwambia kwamba wamechagua. Wanabaki na jekundu. Getini, akasema kwa furaha, atafutwe mtu mwingine.

"Sawa mzee," Mama Mbazi akamjibu. "Mimi najua maua yangu yako mikononi mwako."

Ilikuwa imebaki kazi moja. Ukuta wa tuta la chini, ule ulio jirani na kitalu, ulikuwa umebomoka kwa mvua, na mawe ya kuujenga yalikuwa juu kwenye miamba. Zamani, mara chache mawe yalipohitajika, yalishushwa kichwani, moja moja. Bustani ilikuwa na toroli la zamani la kusukuma kwa mkono, lakini halikuwahi kupelekwa huko juu, maana nani angelipandisha? Sasa walikuwa na Kijana. Asubuhi ya Jumamosi Senkondo na Mrutu wakalipandisha, wakalijaza mawe hadi ukingoni, na mzee akasema ataliteremsha yeye.

"Nikusaidie, mzee?"

"Kuteremka? Kuna shujaa wa mteremko wewe?"

Hatua za kwanza zilikuwa tamu. Kisha njia ikainama, na toroli likaanza kumvuta. Senkondo akaachia ule mpini wa kusokota, akidhani litapunguza mwendo. Mota ikanyamaza, lakini mawe hayakunyamaza. Gurudumu lilikuwa huru, halina cha kulizuia ila mikono ya mzee na nyonga yake mbovu. Akakaza visigino, vikateleza. Sasa hakuwa akiongoza toroli. Lilikuwa linamkokota.

Na chini kabisa, njia inakoishia, Eliakunda alikuwa ameinama kitaluni, amewapa mgongo, anamwagilia miche huku akiimba.

"Liachie!" Mrutu alipiga kelele kutoka juu. "Mzee, liachie!"

Angeliachia, angepona. Angeanguka kwa makalio, acheke, apanguse suruali. Senkondo alilijua hilo kwa uwazi wa ajabu, na alijua pia mawe yale yangekwenda wapi. Hakuliachia. Alilala ubavu juu ya mpini mmoja, akauvuta kwa uzito wake wote, gurudumu likakatiza, na toroli, mawe na mzee vikaingia pamoja kwenye uzio wa mawaridi.

Eliakunda aligeuka akaona jiwe likibiringika na kutulia karibu na mguu wake. Alimkuta Senkondo ndani ya miiba, mikono na uso vimechanika, mawaridi ya ujana wake yamelala chini yake. Akamtoa shina kwa shina. Eliakunda alikuwa akilia bila sauti, na mzee alikuwa akijing'oa miiba mikononi.

Mrutu alifika akihema. Kabla hajamaliza kumpa mzee pole, honi ikalia getini. Ni mfanyabiashara, amekuja kuchukua toroli lililokataliwa, na Mama Mbazi alikuwa akimkaribisha barazani kabla ya kuja naye kuangalia.

"Mzee, sikiliza," Mrutu alinong'ona haraka. "Tuseme nilikuwa mimi. Mimi atanigombeza tu. Wewe akijua limekushinda, atakupeleka getini leo hii."

Senkondo alimtazama kijana yule mwenye kelele, akaona kwamba hanung'uniki wala hatanii, anamwonea huruma kweli. Ilimgusa. Akamshika bega, lakini akatikisa kichwa.

"Pakia mawe haya kwenye Babu," alisema. "Yote. Tulipandishe pale njia inapoinama."

"Unatoka damu, mzee."

"Damu itakauka. Pakia."

Mama Mbazi alipofika kitaluni na mfanyabiashara alikuta uzio umebomoka na toroli jekundu limelala miguu juu. Alipoinua macho alimwona mzee wake, shati limechanika, amesimama juu ya mteremko nyuma ya toroli la kijivu lililojaa mawe. Alitaka kupiga kelele azuie. Eliakunda akamshika mkono. "Mwache, mama. Anajua anachofanya."

Senkondo akaanza kushuka. Babu akashuka kwa mwendo wake uleule wa kupandia, bila haraka, bila kumvuta mtu. Walipofika palepale Kijana alipomtoroka, mahali njia ilipo kali kuliko kote, mzee aliondoa mikono yake yote miwili.

Toroli likasimama. Lilitulia na mawe yake juu ya ule mteremko kama ng'ombe anayengoja mwenyewe afungue boma. Mzee alikaa kando yake juu ya jiwe, akafuta uso, kisha akalishika tena, wakamaliza safari.

"Kwa nini hamkulijaribu hivi tangu mwanzo?" Mama Mbazi aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ukali.

"Tulilijaribu kama tunavyojaribu watu, mama," Senkondo alijibu. "Tulilipandisha. Kilima kikalisifu lile jekundu, na sisi tukasifu. Mimi nilisifu kuliko wote, kwa sababu lilinipa miguu niliyoipoteza. Hakuna aliyeuliza mzigo ukigeuka na kumsukuma mtu itakuwaje. Leo lilinishinda mimi, si huyu kijana, na nusura niue mtu. Ulisema likishindikana nitakwenda getini. Sina la kubisha."

Mfanyabiashara alijifanya anakagua gurudumu.

Aliyejibu ni Eliakunda. Alikuwa bado ameshika lile jiwe lililotua mguuni pake, hakuwa amelitambua mkononi mwake mpaka alipotaka kuongea.

"Mama, wewe uliona miiba tu. Mimi niliambiwa kilichotangulia, tulipokuwa tukipakia mawe. Mrutu alimpigia kelele aliachie, naye hakuliachia, akajitupa nalo kwenye mawaridi yake mwenyewe. Angeliachia, saa hizi mngekuwa mnatafuta jembe la kunichimbia." Akaliweka jiwe ndani ya toroli, taratibu. "Kupanda, apande Mrutu, ndiyo kazi ya magoti mapya. Lakini mzigo wa kushuka, pale nilipo mimi chini, sitaki uwe mikononi mwa mtu mwingine. Kilima kilikuwa kikimsifu huyu mzee siku zote, nasi tukapiga makofi. Leo mteremko ndio umemjua."

Mama Mbazi alitazama mawaridi yaliyovunjika, akatazama mikono ya Senkondo. Macho yake yalilowa, akayafuta waziwazi bila haya. Kisha akamgeukia mfanyabiashara.

"Pakia jekundu," alisema. "Na huko Same ukikutana na mtu mpole anayetafuta kazi ya kukaa getini, niletee."

Tangu siku hiyo kibarua mpya pale bustanini bado anapandishwa kilima, maana mazoea hayafi kwa siku moja. Lakini akifika juu hapigiwi makofi. Anatwishwa jiwe, anaambiwa arudi nalo chini, na wote wanasimama kimya wamtazame anavyoshuka. Watu wakauchukua msemo wakaenda nao kwenye mambo mazito kuliko matoroli: kwenye posa, kwenye urafiki, kwenye kumchagua wa kumwachia watoto. Wanaposikia mtu akisifiwa kwa jinsi anavyopanda, hawabishi. Wanasubiri tu, na mwenye umri mkubwa kidogo miongoni mwao husema: kilima hulisifu toroli, mteremko hulijua.