Hati ya Mwaka 1949

Tajiri Erasto Shemhina aliingia katika kibanda alichompangisha Zefania Mhando, mpiga chapa wa Korogwe, akaweka mezani karatasi tupu iliyochakaa.

"Nichapie hati kwamba mwaka 1949 marehemu baba yangu alinunua shamba la kina Nakiete. Ukikataa, kesho uhame kibandani mwangu."

"Nani amekataa, bwana mkubwa? Niweke na jina la nchi, ionekane ya kiserikali?"

"Weka. Kwa herufi kubwa."

Hati ilipokwisha chapwa, Shemhina aliisoma mara mbili, akaridhika.

Siku ya baraza la kata, mbele ya Bi Nakiete, mjane asiye na shamba jingine, Shemhina alidai shamba na kutoa hati yake.

"Hati hii umeitoa wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Katika sanduku la baba. Naapa hakuna aliyeigusa tangu alipofariki."

Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Imeandikwa Korogwe, TANZANIA, tarehe 3 Mei 1949."

Akavua miwani.

"Bwana Shemhina, mwaka huo hapa palikuwa Tanganyika. Jina la Tanzania lilikuja 1964. Shamba ni la Bi Nakiete."

Shemhina akageuka nyuma, alikokaa mpiga chapa.

"Zefania, wewe ndiye..."

"Mimi sijaigusa, bwana mkubwa," alisema Zefania. "Umeapa mwenyewe."