Rangi ya Kucha Chini ya Boneti

Alikuwepo bwana mmoja, wapendwa, mwenye pikapu ya kubebea maziwa. Pikapu hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mkewe na watoto watano. Zaidi ya hapo hakuwa hata na kuku. Lakini mtu huyo na mafundi, jamani! Kwake kila fundi ni mwizi. Akienda gereji anageuza ndoo, anaikalia, anakodolea macho mikono ya fundi asije akabadilishiwa plagi.

Bado roho haikutulia. Siku fundi alipobadilisha oili, bwana yule alichukua rangi nyekundu ya kucha ya mkewe, akapaka kuzunguka mfuniko wa oili, akapaka na pale kinapochomekwa kijiti cha kupimia. Mtu akifungua tu, rangi inakatika. Akajisemea, haya, waje sasa!

Miezi minane, kila asubuhi, anainua boneti na kuchungulia rangi yake. Ipo nzima? Anatabasamu, anawasha gari. Siku moja akapita gereji kujaza upepo, fundi akaona moshi wa bluu nyuma.

"Mzee, hii inakula oili. Niruhusu nipime, dakika moja tu."

"Usiguse hapo! Unadhani sikujui? Ukifungua tu, umeshanichomolea kitu."

"Basi pima mwenyewe ukifika nyumbani."

"Usinifundishe gari langu!"

Akaondoka amevimba. Kesho yake taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi. Unafikiri alisimama? Wapi! Alisema fundi kachezea waya. Wiki ile ile, kwenye mlima, maziwa yamejaa nyuma, injini ikagonga ko-ko-ko, ikanyamaza. Fundi alipofika, maziwa yalikuwa yameshaharibika kwa jua.

"Mmeniibia oili!" bwana alipiga kelele, machozi yanamlengalenga. "Watoto wangu watakula nini?"

Fundi aliinua boneti.

"Mzee, alama hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Imekatika?"

Bwana akainama. Rangi ilikuwa nzima kabisa. Fundi akaibandua kwa ukucha, akachomoa kijiti. Kikavu.

"Hakuna mkono ulioingia hapa miezi yote minane," fundi alisema taratibu. "Hata wako."

Mnacheka? Chekeni, ila mjue mnamcheka nani. Sisi tumepaka rangi wangapi? Unapekua simu ya mkeo. Unamchungulia jirani uani. Hata mimi hapa madhabahuni kuna watu wananikodolea macho tangu wimbo wa kwanza, nawaona! Sasa niambie, moyo wako wewe uliupima lini? Upendo umebaki kiasi gani humo ndani? Maana rangi ikiwa nzima inakuhakikishia kwamba mwizi hakuingia, basi. Haikwambii kama kuna kitu kilichobaki. Moshi umeanza kutoka, watu wanauona, na wewe unawaita wezi. Leo ukifika nyumbani, usimuulize mtu yeyote alikuwa wapi. Chomoa kijiti chako kwanza, ukitazame.