Karibu Saba na Usiingie Moja

Kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Pale Kwamgole walikuwepo watu watatu, kila mmoja na chake.

Wa kwanza Bi Mwanjaa, mama wa miaka hamsini na mbili. Chake kilikuwa kusoma. Alijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na tangu siku hiyo hakupitwa na maandishi: gunia la sukari, karatasi ya sabuni, hata tangazo la mkutano uliokwisha kupita. Watu walimtania, "Bi Mwanjaa, na huyu mbuzi kaandikwaje?" Yeye alisoma tu.

Wa pili Mhina, mtega nguruwe. Chake kilikuwa macho. Akitazama vumbi la njia anakwambia nani kapita, kabeba nini, na kama alikuwa na haraka.

Wa tatu Sikudhani, binti wa miaka kumi na sita. Chake kilikuwa sauti. Ukipiga hodi akakuitikia, unajikuta umeshavua viatu.

Sikudhani aliishi kivukoni kwa Sechonge, aliyemchukua baada ya mama yake kufa, binti akiwa na miaka kumi na mmoja. Na watu wa kule wana desturi yao. Mgeni hupiga hodi tatu. Asipoitikiwa, anakwenda zake. Akiitikiwa na mwanamume peke yake, anasema ahsante, napita tu. Lakini akiitikia binti, mgeni anajua humo mna jiko, mna mama, mna salama. Sechonge aliijua sana desturi hiyo. Alisimama nyuma ya mlango na mchi wa kinu. Kazi ya Sikudhani ilikuwa neno moja tu: karibu.

Msafiri wa kwanza alipouawa kwa mchi, Sikudhani aliambiwa ni mwizi, akaamini. Wa pili, alijua. Wa tatu, alikuwa ameshazoea. Wakafika saba.

Mizigo yao ilikuwa ya Sechonge. Karatasi zilizokuwemo alipewa Sikudhani afungie karanga, akauza hapo hapo barabarani. Wote wawili hawakujua kusoma. Kwao karatasi ilikuwa karatasi.

Asubuhi moja Bi Mwanjaa alinunua karanga. Akatafuna, akaikunjua karatasi, akapitisha kidole chini ya maneno kama kawaida yake, na sauti juu:

"'Mume wangu Kibwana, huku hatujambo. Mtoto ameanza kusema. Analiita jina lako hata kwa mbuzi...'"

Kidole kikasimama. Kibwana alipotea tangu mavuno, akirudi nyumbani kutoka kazi ya mbali, kijiji kizima kilijua.

"Mwanangu, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Imeandikwa hivyo kweli, bibi?"

"Neno kwa neno."

"Hebu soma tena pale pa mbuzi."

Bi Mwanjaa akasoma tena. Kisha akaondoka mbio kwenda kwa Mhina, karanga zikimwagika njia nzima.

Mhina akaenda kivukoni mchana kweupe, akijifanya anatafuta mtego wake. Akaisoma ardhi. Nyayo za kuingia mlangoni zilikuwa za watu wengi. Za kutoka, za watu wawili tu.

Mwenyekiti wa kijiji hakutaka kusikia. Sechonge! Mtu anayeazima watu majembe, wa mbele kubeba jeneza kila msiba! "Nyayo si ushahidi," alisema. "Mkamateni na mchi mkononi."

Basi alasiri Mhina akajitwika mzigo, akajifunga kilemba cha watu wa mbali, akaficha wanaume ndani ya mahindi, akasimama mlangoni.

"Hodi!"

Ndani, Sechonge akainua mchi, akampa binti ishara ya kidevu. Sikudhani hakujua kama ni Mhina. Alijua huyu ni wa nane.

"Hodi!"

"Itikia, we mtoto!"

Angeweza kunyamaza. Mgeni angepita, na yeye asingeumia. Lakini kesho angekuja mwingine.

"Hodi!"

"Usiingie! Yuko nyuma ya mlango, ana mchi!"

Mchi ukamgeukia yeye, ukamvunja mkono. Mhina, aliyekuwa ameshainua mguu kuingia, akaupiga mlango teke, ukambana Sechonge ukutani. Wanaume wakatoka mahindini na kamba.

Kijiji kilikuwa kimeahidi shamba la bondeni kwa atakayekomesha watu kupotea. Baraza likakaa.

"Mimi nisingesoma, mngekuwa mnatafuna karanga mpaka leo," akasema Bi Mwanjaa. "Hata huyu binti, nilichomsomea ndicho kilichomfungua mdomo."

"Wewe umesoma umeketi, bibi," akasema Mhina. "Mimi nimesimama mlangoni na kichwa changu hiki hiki kimoja."

"Na hicho kichwa kiko juu ya shingo kwa sababu yangu," akasema Sikudhani, mkono umefungwa kitambaa. "Mimi ni wa tatu. Nihesabuni."

Watu wakapiga kelele. Ati nihesabuni! Kamfungeni na bwana wake Sechonge!

Mke wa Kibwana akasimama, mtoto mgongoni. Kelele zikafa.

"Sauti yako ndiyo ya mwisho aliyoisikia. Ilimwambia nini?"

Sikudhani hakuinamisha macho. "Ilimwambia karibu."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na unadai shamba?"

"Sidai huruma, dada. Mkinifunga kwa zile karibu saba, sawa, nifungeni, nilizisema. Lakini na ile usiingie moja niliisema mimi, na hakuna aliyenishika mkono. Msichukue saba mkaitupa ile moja. Wala msinipe kwa siri. Nipeni mbele ya watu, au ninyimeni mbele ya watu."

Mwenyekiti akatazama barabarani. Vumbi la gari la polisi, walioitwa kumchukua Sechonge, lilikuwa limeshaanza kuonekana. Mke wa Kibwana bado amesimama.

Haya, msinitazame mimi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwafikisha hapa. Kiti cha mwenyekiti ni chako sasa, na gari linakaribia. Shamba unampa nani? Na polisi wakishuka, wakamnyooshea kidole yule binti, wakuulize, "Na huyu ni nani?", utawajibu nini?