Mfalme Lugendo Abisha Hodi kwa Nyamizi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmenyimwa ugali? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwepo, mfalme mmoja aliyekufa zamani alifufuka. Jina lake Lugendo. Alitoka kaburini na taji lake la manyoya, nyuma yake Kobe, aliyeishi naye katika jumba la kifalme na ambaye hajasema uongo tangu azaliwe. Mfalme akaona mji mzima umejengwa juu ya ardhi yake. Akafura kwa hasira.

"Kobe, nitawapima hawa! Mwenye kitu ambacho mimi sikuwa nacho, abaki. Asiye nacho, atoke!"

Akaanza kubisha hodi. "Mna nini humu?"

"Hatuna kitu, mzee, karibu hivyo hivyo."

Si mnatujua sisi? Mtu ana sufuria ya pilau jikoni, mgeni akija anasema hana kitu. Ni adabu tu! Lakini mfalme wa watu hakuijua adabu hiyo. "Hamna kitu? Tokeni!" Na milango ikajifunga yenyewe nyuma yao. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, watu wakabaki nje na magodoro yao wakilia.

Akafika kwa Nyamizi, mjane muuza vitumbua, aliyeishi chumba kimoja na bintiye Kabula. Nyamizi hakuwa na pengine pa kwenda.

"Mimi Lugendo nilikuwa na kila kitu! Wewe una nini?"

"Hatuna..." Nyamizi akajikatiza, akiwakumbuka majirani waliotolewa nje. "Nina taa!" Akabonyeza swichi, chumba kikawa cheupe pe!

"Mimi nilikuwa na watumishi wa kunishikia mienge! Au sivyo, Kobe?"

"Moshi ulikutoa machozi kila jioni. Taa kama hii hukuwa nayo, bwana wangu."

Mfalme akakunja uso. "Una nini tena?"

Nyamizi akafungua friji lake kuukuu, akatoa barafu ya ukwaju.

"Mimi nilituma vijana mlimani wakaniletee barafu!"

"Wakarudi na magunia yaliyolowa. Hukuwa nayo, bwana wangu."

"Vya kuchezea hivyo!" Mfalme akafoka mpaka manyoya yakatikisika. "Nionyeshe kitu ambacho mimi ningekililia. La sivyo, toka!"

Nyamizi akatazama huku na huku. Ndoo, jiko, kitanda. Nani alilie ndoo?

Hapo Kabula akaingia mbio kutoka shule, akaidaka ile barafu. "Mama, nina njaa!"

"Taratibu wewe, juzi tu ulikuwa hoi kwa homa!"

Mfalme akashtuka. "Homa gani?"

"Malaria, mzee. Aliweweseka, macho yakageuka. Nikamkimbiza zahanati, wakamtoboa kidole, wakampa vidonge. Hata wiki haijaisha, huyo anadai chapati."

Mfalme akamgeukia Kobe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kobe... mwanangu Mhoja?"

"Uliita waganga wa vilima vyote, bwana wangu. Ulichinja ng'ombe zizi zima. Mhoja akafia mapajani pako."

"Na hivyo vidonge?"

"Hukuwa navyo, bwana wangu."

Mfalme akaketi mkekani, akalia kwa sauti. Jamani, alilia! Nyamizi hakumcheka. Alimmiminia chai, akamwambia, "Pole, baba," naye akanywa mpaka kikombe kikaisha.

Kisha akasimama, akatoka nje, akapiga makofi. "Dawa hiyo mnayo nyote, nami sikuwa nayo. Rudini ndani!" Milango yote ya mtaa ikafunguka, pa! Vigelegele vikahanikiza. Watu wakaingia na magodoro yao wakipiga kelele, "Tunacho! Tunacho! Tunacho!"

Lugendo hakuondoka. Alirudi mlangoni kwa Nyamizi, akavua taji mbele ya kadamnasi, akapiga goti vumbini.

"Shikamoo, mama."

Muuza vitumbua akafunga khanga yake vizuri, akainua kichwa.

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa Nyamizi.