Nyungu ya Nakijwa

Wekeni mkono kifuani muape: neno hili halitoki jikoni humu. Mmeapa? Vizuri. Mimi jana nilishalimwaga kisimani.

Kijiji kimoja kiliingiwa na kikohozi kigeni. Wakamlaumu Nakijwa, mjane mhamiaji, mwenye nyungu ya kujifukiza inayosema kama mtu. Kwanza walimfukuza kisimani. Kisha wakamuulia kuku. Mara ya tatu wakaja na mienge kuchoma nyumba yake, wametumwa na jumbe Shebughe.

"Toka na kikohozi chako, mwanamke!"

"Nitatoka, baba zangu, ila nyungu yangu imeibwa. Nyungu ee, uko wapi?"

Sauti ikatoka ng'ambo ya pili ya kijiji: "Niko kwa jumbe, mama, chini ya blanketi!"

Wakakimbilia huko, Nakijwa nyuma yao, wakalivuta blanketi. Shebughe huyo! Uchi, jasho linamtiririka, kaikumbatia nyungu.

"Kaniambia mwenyewe akijifukiza," nyungu ikasema. "Kikohozi alirudi nacho yeye kutoka gulioni, akakusingizia wewe, mama."

Nakijwa akawageukia. "Haya, baba zangu, mienge hiyo mnampelekea nani?"

Jumbe akafungua kinywa akane. Kikohozi kikamjibia, mbele ya kijiji kizima.